Mmarekani mmoja kwenye benchi langu

Jumanne iliyopita dereva wa Noah aliingia karakanani kwangu, hapa Mwanga, Kigoma, mkononi ana stata aliyoizungushia kipande cha kitenge. "Fundi, nikiwasha inasema tik, inanyamaza. Nimenunua betri mpya, bado ni tik." Nilimwonea huruma kwa hela ya betri. Nikalegeza boliti mbili ndefu za nyuma, nikachomoa kifuniko, na hata amecha, ule mtima unaozunguka, sijaitoa nilikuwa nimeshaona ugonjwa: kaboni, zile zinazoupelekea umeme, zimeliika mpaka zimebaki kama kucha ya kidole cha mwisho, springi imefika ukomo, haina tena cha kusukuma. Unga mweusi umejaa humo ndani kama masizi ya koroboi. Dawa yake ni kaboni nne mpya, msasa laini kwenye shaba, grisi kidogo kwenye bendeksi, ile gia inayoishika injini. Saa moja, ukijumlisha na chai.

Kijana ninayemfundisha alikuwa ameishika ile amecha anaipima uzito kwa kiganja. "Fundi, hivi kadude haka kanazungushaje injini nzima?"

Swali lake nililibeba mwenyewe kwa miaka mingi, na nilipolipatia jibu nikakuta ndani yake kuna mtu.

Niliingia kwenye ufundi mwishoni mwa miaka ya 80. Aliyenifundisha alikuwa mzee wa Uvira, ng'ambo ya ziwa, na Kiswahili chake kilikuwa na vyuma vya Kifaransa ndani. Plagi aliita buji, stata aliita demareri, na distributa, kile kigawa umeme wa plagi, aliita deliko. "We mtoto, fungua deliko." Mimi nikadhani ni Kibembe, nikalishika hivyohivyo. Mzee akafa, mimi nikabaki na deliko lake. Miaka mingi baadaye, nimepata simu yenye intaneti, nikaliandika lile neno kwa kujaribu tu. Kumbe ni DELCO, herufi za mwanzo za Dayton Engineering Laboratories Company, kampuni iliyoanzishwa Dayton, jimbo la Ohio, mwaka 1909. Jina la kampuni likageuka kuwa jina la kifaa midomoni mwa Wafaransa, likapita Kongo, likavuka Tanganyika, likafika kwenye benchi langu. Usiku ule nilisoma mpaka bando likakata.

Mmoja wa walioianzisha maabara hiyo aliitwa Charles Kettering. Aliacha hataza 186, yaani vyeti vya haki ya uvumbuzi. Tangu siku hiyo, kila nikigeuka humu ndani namkuta: kwenye stata, kwenye koili, kwenye mtungi wa gesi ya friji, hata kwenye kopo la petroli la kunawia mikono. Hilo kopo nitalirudia.

Alizaliwa 1876, mtoto wa shambani karibu na kijiji cha Loudonville. Macho yalimsumbua vibaya. Alianza chuo, macho yakamtoa, akaenda kufanya kazi na mafundi wa nyaya za simu, kuchimba mashimo na kusimika nguzo. Akarudi chuoni Ohio State, akamaliza uhandisi 1904, umri miaka 27. Mimi napenda habari hiyo ya nguzo kuliko ya chuo. Mtu aliyechimba mashimo ya nguzo anajua kazi inauma wapi.

Kazi yake ya kwanza ya uhandisi ilikuwa kwenye kampuni ya National Cash Register, hapohapo Dayton, watengenezaji wa zile mashine za dukani zinazohesabu mauzo na kufungua droo kwa kengele. Wakati huo mwenye duka alizungusha mkono wa mashine kwa kila mauzo. Kettering akatakiwa aweke umeme. Inasemekana pale kazini alipenda kukaa na wauzaji kuliko na wavumbuzi wenzake, kwa sababu wauzaji ndio waliojua mteja analalamikia nini. Akatengeneza mota ndogo, na ndani ya ile mota ndimo lilimokuwa jibu la kijana wangu.

Mota ya rejista haifanyi kazi kutwa. Inasukuma mara moja, inalala. Sasa, mota ndogo unaweza kuidai nguvu kubwa kupita umbo lake, mradi usiidai kwa muda mrefu. Itapata moto, kweli, lakini kabla waya haujaungua kazi imeshakwisha na inapoa. Baadaye alipoanza kutafuta mota ya kuwashia gari, wenye elimu walimwambia haiwezekani: walikuwa wamepiga hesabu ya mota inayoweza kuzungusha injini bila kupumzika, wakakuta inakaribia ukubwa wa injini yenyewe. Hesabu yao ilikuwa sawa. Ila nani alisema izunguke bila kupumzika? Sekunde chache zinatosha.

Ndiyo maana huwa nagombana na madereva. Ufunguo ukiushikilia nusu dakika, injini inagoma na wewe unazidi kung'ang'ania, unavunja mapatano ambayo stata iliwekewa tangu inazaliwa. Washa sekunde tano, kumi ikizidi sana. Achia. Hesabu pole pole mpaka thelathini. Jaribu tena.

Kabla ya stata kulikuwa na hendeli, na hendeli naijua kwenye familia yetu. Mwaka 1982 mjomba wangu alikuwa anaendesha Land Rover, betri imekufa, na miaka ile ya uhaba betri mpya hukuipata hata ukiwa na fedha mfukoni. Kila asubuhi ilikuwa hendeli. Sisi watoto alitufundisha kabisa: gumba liwe upande mmoja na vidole vingine, usilikumbatie chuma, vuta kwenda juu, usisukume kwenda chini. Maana injini ikiwaka kabla ya wakati wake inarudi kinyume, na hendeli inarudi nayo. Siku moja yeye mwenyewe, mwalimu wetu, alikuwa na haraka akasukuma chini. Nilisikia sauti kama ya kuni kavu. Mfupa ulikatika juu kidogo ya kifundo cha mkono. Ulipona umepinda, na mpaka anafariki alikuwa akimega ugali kiwiko kimeinuka kama anayetaka kupiga makofi.

Kule Detroit husimuliwa kwamba mzee Henry Leland, aliyekuwa mkuu wa Cadillac, alifiwa na rafiki yake, Byron Carter, baada ya kupigwa na hendeli alipokuwa akimsaidia mwanamke aliyezimikiwa na gari. Ndipo Leland akasema hataki tena gari lake limuumize mtu, akamwita Kettering. Wale vijana wa Dayton walikuwa wanafanyia kazi kwenye banda tu. Mwanzoni mwa 1911 stata ya kwanza ikawa imefungwa kwenye gari, na Cadillac za mwaka 1912 zikatoka na stata, taa na kiwashio, vyote vya umeme. Hataza ya stata ni namba 1,150,523, ilitolewa tarehe 17 Agosti 1915. Namba hiyo nimeiandika kwa chaki ukutani juu ya vaisi. Wateja hudhani ni ya M-Pesa.

Jambo linalonifurahisha kwenye mfumo ule ni kwamba mashine ilikuwa moja. Wakati wa kuwasha inakula volti 24 kutoka kwenye betri, inakuwa mota. Injini ikishashika, hiyohiyo inageuka jenereta na kuchaji kwa volti 6. Baadaye wakatenganisha, stata mbali na jenereta mbali, na kwa miaka mingi tukaona ndivyo inavyopaswa. Leo yanaletwa haya magari ya haibridi ya Toyota, nafungua, nakuta mashine moja inayowasha na kuchaji. Nikamwambia kijana, tazama, mzee kafufuka.

Mfumo wa pointi na koili nao mpaka leo vitabu vya ufundi vinauita kwa jina lake. Pointi, swichi ndogo ndani ya deliko, zikifunga, umeme wa betri unapita kwenye koili. Zikifunguka, umeme unakatwa ghafla na koili inatema maelfu ya volti kwenda kwenye plagi. Kondensa inakaa pembeni kuzuia cheche zisile pointi. Mzee wa Uvira alisugua pointi kwa ubavu wa kiberiti, ule wa kuwashia, halafu anapuliza kama anayepoza uji. Peugeot 504 ngapi zimeondoka hapa kwa ubavu wa kiberiti! Vijana wa sasa hawajaziona pointi, na sina la kuwalaumu.

Mengine nayapitia haraka. Mwaka 1916 walianza kuuza Delco-Light, injini ndogo na safu ya betri za volti 32 kwa ajili ya nyumba za mashambani. Sisi wa Kigoma tulioishi na majenereta miaka yote ile hatuhitaji kuelezwa maana yake. Mwaka 1918 akaundia jeshi la Marekani ndege ndogo isiyo na rubani: kifaa kinahesabu mizunguko ya injini, hesabu ikitimia mabawa yanaachia na bomu linashuka. Vita viliisha kabla haijatumika. Kampuni yake ikaingia General Motors, kampuni mama ya Cadillac na Chevrolet, na kuanzia 1920 hadi 1947 ndiye aliyeongoza utafiti wao. Aliwabana watu wa rangi mpaka ikapatikana rangi inayokauka kwa saa badala ya wiki. Husimuliwa kwamba mtaalamu mmoja wa rangi alibisha kuwa haiwezekani, wakaenda kula chakula cha mchana, na walipotoka mtaalamu akawa anatafuta gari lake asilione, kumbe limeshabadilishwa rangi. Na injini ya dizeli ya mipigo miwili, iliyovuta treni ya Zephyr kutoka Denver hadi Chicago mwezi Mei 1934 kwa saa 13 na dakika chache, nayo ilitoka kwake. Mwanawe Eugene aliyehangaika nayo alitania baadaye kwamba kifaa pekee kisichowasumbua ni dipstiki.

Lakini mtu huyu alishindwa pia, na kushindwa kwake nakupenda kwa sababu ni kwa kifundi hasa. Alitaka injini isiyo na rejeta, inayopozwa kwa hewa. Badala ya mapezi ya chuma akaunganisha mapezi ya shaba kwenye silinda, kwa kuwa shaba inapitisha joto vizuri zaidi. Karatasini safi kabisa. Mwaka 1923 Chevrolet wakatengeneza 759. Injini zikipata moto zinapoteza nguvu na kunoki, yaani kugonga ndani ya silinda. Kila kilichofanya kazi maabara kikagoma barabarani. Ni 100 hivi tu zilizofika kwa wanunuzi, na kampuni ikaziita zote zirudi. Kettering akaandika barua ya kutaka kuondoka. Bosi wake, Alfred Sloan, akamzuia. Aliyewahi kumrudishia mteja fedha huku mtaa unamtazama anaijua ile barua ilivyoandikwa.

Sasa lile kopo.

Injini za wakati ule zilikuwa zinanoki sana, na watu wakasema kosa ni la kiwashio cha Kettering. Likamkera. Akamkabidhi tatizo kijana aliyeitwa Thomas Midgley, mhandisi wa mitambo, si mkemia. Wakaanza na wazo la kuchekesha: kuna mmea wa porini wenye majani mekundu chini unaochanua mapema kukiwa bado baridi, basi huenda wekundu unashika joto, tutie petroli rangi nyekundu. Stoo haikuwa na rangi nyekundu, wakatia ayodini. Kunoki kukapungua! Wekundu haukuhusika hata chembe, lakini sasa wakajua kuna kitu ukikitia kinasaidia. Wakajaribu kimoja baada ya kingine kwa miaka. Telurimu ilifanya kazi vizuri ila iliwanukisha kitunguu saumu mpaka watu wakawakimbia. Tarehe 9 Desemba 1921 wakatia mchanganyiko wa madini ya risasi, kiasi kidogo mno, injini ikatulia. Tarehe 2 Februari 1923 petroli hiyo ikaanza kuuzwa Dayton. Wakaiita Ethyl. Neno risasi hawakulitia kwenye jina.

Oktoba 1924, kwenye kiwanda cha Bayway, New Jersey, wafanyakazi waliokuwa wanatengeneza dawa ile walianza kurukwa na akili. Watano wakafa. Midgley akasimama mbele ya waandishi wa habari, akanawa mikono kwa dawa hiyohiyo, akainusa, ili kuonyesha kwamba haina neno. Ilhali mwaka uliotangulia yeye mwenyewe alikuwa amekwenda Florida kupumzisha mapafu kwa sababu ya risasi. Na rais wa kwanza wa kampuni iliyoundwa kuuza dawa hiyo alikuwa Kettering.

Niliposoma pale pa kunawa niliiweka simu chini. Sisi tulinawa petroli kila jioni. Ndiyo ilikuwa sabuni yetu: unachota kwenye kopo, unasugua mpaka kwenye viwiko, grisi inatoka, ngozi inabaki nyeupe kama ya mamba. Tulivuta petroli kwa mdomo na mpira, tukatema, tukacheka. Hakuna aliyetupima damu, na sisi hatukujua kuna cha kupima. Nchi za kusini mwa Sahara ziliachana na petroli ya risasi mwanzoni mwa 2006. Algeria ndiyo ilikuwa ya mwisho duniani, Julai 2021, na tangazo likatolewa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi. Kutoka pampu ya Dayton hadi hapo ni miaka 98.

Hapo ndipo ninapomlaumu, na simsingizii kutokujua. Maabara yake ilikuwa imeshajaribu spiriti, ikaona inazuia kunoki. Lakini spiriti kila mkulima mwenye pipa anaweza kuipika. Hataza inataka kitu ambacho jirani hawezi kukipika.

Friji nazo ziliwangoja hao hao wawili. Friji za mwanzo zilitumia gesi za sumu, amonia, salfa daioksaidi, na mirija ikivuja usiku watu wanaweza wasiamke. Mwaka 1928 Kettering akamwambia Midgley atafute gesi isiyoua wala kuwaka. Kwa siku tatu hivi wakawa na jibu, gesi ambayo sisi tuliijua kama R12. Wakamfungia simbilisi humo, akatulia tu kana kwamba hakuna kitu. Wakatengeneza nyingine kwa chupa nyingine ya malighafi, simbilisi akafa. Walikuwa na chupa tano. Nne zilikuwa na uchafu uliozaa sumu, na ya kwanza waliyoiokota bila kuchagua ndiyo ilikuwa safi. Wangeokota nyingine, wangeacha. Mwezi Aprili 1930 Midgley akaivuta mapafuni mbele ya wanakemia na kuzimia nayo mshumaa. Alipenda maonyesho, yule.

Mimi nimefunga R12 miaka mingi, kwenye friza za migebuka kule Kibirizi. Gesi ya kiungwana: haina harufu, haichomi, kompresa inaipenda. Na kila tulipofungua mfumo wa zamani tulikata mrija tukaiacha ipige mluzi kwenda hewani. Ule mluzi ulikuwa dalili ya kazi nzuri, unasubiri unyamaze ndipo uanze kuchomelea. Wanasayansi walikuwa wameonya tangu 1974 kwamba gesi hiyo inakula ozoni, ngao ya dunia dhidi ya jua kali, mkataba wa Montreal wa kuiacha ukatiwa saini 1987, tundu la ozoni limeshaonekana juu ya Antaktika, na mimi bado napiga mluzi Kibirizi. Nchi zetu zilipewa mpaka 2010 kuiacha. Tukahamia R134a. Hiyo haili ozoni lakini inashika joto la dunia, na 2016 mataifa yakakutana Kigali, hapa jirani, yakakubaliana kuipunguza nayo.

Kettering alikufa 1958, mzee wa miaka 82, kabla lolote kuhusu gesi yake na ozoni halijasemwa. Midgley alitangulia 1944. Alikuwa amepooza kwa polio, akajiundia kamba na roda za kumwinua kitandani, na akakutwa zimemnyonga.

Siwezi kumchukia Kettering. Kodi ya karakana hii inatoka kwenye vitu alivyovigusa, na mikono hii pia.

Noah tuliifungia stata saa kumi jioni. Dereva akakaa, akageuza ufunguo, ikashika papo hapo. Kijana wangu, mikono myeusi kwa unga wa kaboni, akanyoosha mkono kwenye kopo la petroli. Nikamrushia sabuni ya unga. "Si hakuna risasi siku hizi, fundi?" Nikamwambia nawa.

Dereva akachungulia dirishani, injini inanguruma. "Fundi, na AC nayo haipoozi. Gesi unayo?"

Nikautikisa mtungi wa R134a, nikausikia mwepesi. Nikamwambia alilete Alhamisi.